Mstari wa Kumi na Moja

Bahasha ilikuwa nene, tena ina kile kidirisha cha nailoni upande wa mbele, na Rispa alipoipitishia kidole tu akajua haikutoka kwa ndugu wala kanisani. Ndugu hawanunui bahasha za namna hiyo. Aliibana kifuani, akachukua fimbo yake nyeupe, akavuka barabara kwenda kwa Liz. Liz alikuwa mwalimu wa darasa la pili aliyepanga chumba nyuma ya duka la mbolea, na katika soko zima la Uriri ndiye pekee aliyeweza kumsomea mtu barua bila kuisimulia kwa wauza samaki kabla jua halijazama.

Liz akasoma. Chama cha Ushirika wa Wavuvi wa Ghuba, chenye makao yake Homa Bay, kilikuwa kimepokea maombi yake ya kazi ya opareta wa simu. Aje kwa mahojiano Alhamisi, tarehe kumi na tatu Machi 1997, saa nne asubuhi, na vyeti vyake halisi mkononi.

Rispa alicheka mpaka akashika ukuta. Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu amalize kozi ya simu na taipu kwa wasioona, na miaka yote hiyo vidole vilivyofundishwa kuunganisha laini ishirini vilikuwa vikichambua dagaa wa omena wa mama yake kwenye gunia. Alikuwa ameomba kazi mara kumi na moja. Hii ilikuwa barua ya kwanza kumwita.

Alikuwa amekuja pia na nakala ya fomu aliyoituma, ile iliyotoka chini ya karatasi ya kaboni. Alimwomba Liz amsomee, ili akiulizwa asije akajikanyaga mwenyewe. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, na Liz aliisoma mstari kwa mstari huku akiitafsiri kwa mzaha kama anafundisha darasa lake. Jina. Mahali pa kuzaliwa. Umri. Dini. Alipofika mstari wa kumi na moja mzaha ukamwisha.

"Ulemavu wa mwili, kama upo," alisoma. "Wameandika hakuna."

Rispa alimwambia arudie. Liz akarudia, na neno lilikuwa lilelile. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameombwa kusoma yote, akasoma na tamko la mwisho: kwamba mwombaji amejaza fomu hii kwa mkono wake mwenyewe, kwamba yote aliyoandika ni kweli, na kwamba anafahamu kuwa taarifa ya uongo itamfikisha mahakamani. Chini yake palikuwa na sahihi ya Rispa, imenyooka kama imepigwa rula.

Ilikuwa imenyooka kwa sababu ya kadi. Kule shuleni kila mwanafunzi alipewa kipande cha kadibodi kilichokatwa kidirisha kimoja chembamba. Unakiweka juu ya mstari, unaingiza kalamu kwenye kidirisha, unaandika jina lako bila kupanda milima wala kushuka mabonde. Rispa alipenda kadi ile kuliko hereni zake. Sasa alijiona mjinga. Kadi ilimwonyesha mahali pa kutia sahihi, lakini haikumwambia alikuwa akitia sahihi juu ya nini.

Mwaka uliotangulia kijana mmoja wa Ndhiwa alikutwa na cheti cha kughushi kwenye mahojiano ya kazi, akatolewa ofisini kwa pingu mbele ya watu aliokuwa amepanga nao foleni, na mpaka leo mama yake alikuwa hapiti sokoni. Yule angalau alikuwa ameficha kitu kinachofichika. Rispa angeingia kwa Wavuvi wa Ghuba akipapasa njia kwa fimbo nyeupe, na karatasi mezani inasema ana macho mawili mazima. Uongo wake ungefika chumbani kabla yake.

Alimwuliza Liz kama mtu anaweza kufungwa kwa neno moja. Liz, ambaye hakujua kudanganya hata pale palipohitaji, alisema hajui.

Fomu aliijaza Mzee Kerosi, karani mstaafu mwenye meza kwenye baraza la fundi cherehani. Alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato, mtu ambaye siku ya Jumamosi hangekuuzia hata stempu. Watu walimpelekea barua za mahari, za kesi za mashamba na za watoto waliopotelea Nairobi, kwa sababu hakuwa mtu wa kutoa ya huyu akampa yule. Rispa alimkuta akinoa penseli.

Alimwuliza moja kwa moja, bila salamu ndefu, na kisu cha mzee kikasimama. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye aliandika alichoambiwa aandike, na kwamba Rispa aende akamwulize mama yake.

"Lakini mahali pa shahidi sikutia sahihi," aliongeza. "Niliacha wazi. Sikuweza kushuhudia hilo."

Ndivyo alivyo mcha Mungu wa aina yake: mkono unaandika uongo, ila sahihi inabaki nyumbani na dhamiri. Rispa alikuwa amekumbuka. Siku ile mzee alikuwa akiuliza, yeye anajibu, kalamu inakwaruza, na mama yake ameketi kando yake kwenye benchi. Kulifika mahali mzee akasema, "Na hapa wanataka kujua kama una..." halafu akakatiza. Bangili ya shaba ya mama yake iligonga meza mara mbili. Mzee akakohoa, kalamu ikakwaruza kidogo sana, wakaendelea na swali la shule. Rispa alidhani ni kikohozi tu.

Milka, mama yake, alikuwa jikoni anasonga ugali. Hakukana. Alisonga mpaka ukaiva, akaupua, akaufunika, ndipo akakaa. Alisema kwamba kweli aligonga meza. Alisema angegonga tena.

Ni lazima mtu aelewe jinsi watu wengi wa kule walivyoiogopa kalamu ya mgeni. Makarani wa sensa walipopita, akina mama walitaja watoto pungufu, maana watoto hawahesabiwi kama mahindi. Ugonjwa nao hautajwi mbele ya mtu mwenye daftari. Neno likisemwa na kupita, limepita, lakini likishaandikwa na kupigwa mhuri linamkalia mwenyewe. Milka aliliamini hilo kuliko majirani zake wote, na alikuwa na sababu, ingawa hakuwahi kumwambia binti yake mpaka jioni ile.

Mwaka 1982 surua iliingia kwao. Rispa alikuwa na miaka tisa, mdogo wake Boaz ana saba. Bwana afya alipita nyumba hadi nyumba na daftari kubwa jeusi. Milka alimtoa Boaz nje, kwa kuwa ndiye aliyeonekana mgonjwa zaidi. Bwana afya akaandika jina lake, akaandika na neno pembeni, akampakia kwenye gari. Siku ya tatu Boaz alirudishwa amefunikwa shuka.

"Wewe ulikuwa nyuma ya mlango huu," Milka alisema. "Nilikufunika gunia, nikakuambia usikohoe. Akaniuliza kama kuna mtoto mwingine mgonjwa. Nikamwambia hakuna. Boaz aliandikwa akafa, nyathina, mwanangu. Wewe hukuandikwa, na uko hapa."

Rispa alilikumbuka gunia. Alikumbuka vumbi la mtama puani na jinsi alivyobana kikohozi mpaka machozi yakamtoka. Alikumbuka pia jambo jingine, ambalo alikuwa amelibeba kimya tangu shule. Nesi wa shule ya wasioona aliwahi kuwaambia kwamba watoto wengi waliopofushwa na surua wangebaki na macho yao kama wangepewa dawa mapema, vidonge na matone tu, vitu vya kukaa kwenye mkoba wa bwana afya. Siku ile Rispa alihesabu miaka kichwani akakosa usingizi. Hakuwahi kumwambia mama yake, na sasa pia hakumwambia. Aliogopa kumwambia kuliko alivyoogopa pingu.

Alichosema ni kwamba Alhamisi angekwenda Homa Bay. Milka alimwambia achome barua, asiende kujipeleka mwenyewe kwa polisi. Rispa akasema barua haichomwi. Ugali ukapoa, na hakuna aliyekula.

Kesho yake alirudi kwa Liz na wazo lililomjia alfajiri, wakati hofu inapomchosha mtu mpaka anaanza kufikiri. Angeomba fomu mpya na kuijaza mwenyewe mbele yao. Herufi alizijua, herufi kubwa za darasa la tatu, kabla ya surua. Lililomshinda siku zote ni kujua mstari uko wapi. Mtunga fomu huwa amekaa kwenye kiti kizuri, ana macho mazima na mikono miwili, naye hudhani dunia nzima imeketi kama yeye. Anachora vistari vyembamba ambavyo kidole hakivisikii, kisha anaandika jaza kwa mkono wako mwenyewe.

Kama kidirisha kimoja kilitosha kwa sahihi, Rispa alisema, basi vidirisha vingi vingetosha kwa fomu nzima.

Liz alilipenda wazo hilo mara moja. Alipasua boksi la sabuni, akalaza nakala juu yake, akachora kila pengo kwa penseli na kulikata kwa wembe. Yalitoka madirisha kumi na saba. Kona ya juu kulia waliikata mshazari, ili Rispa ajue kadi haijageuka. Kando ya kila dirisha Rispa alitoboa kwa pini namba za nukta nundu, za kusomwa kwa kidole. Liz akauliza kama akate na lile la shahidi kule chini, maana halikuwa na kitu. Rispa akamwambia akate, kwa kuwa liko kwenye fomu.

Walifanya mazoezi siku mbili. Karatasi ya kwanza Liz aliisifu haraka mno, na Rispa akajua imeharibika. Ya tano Liz aliisoma yote kwanza, ndipo akasema, "Hii inasomeka, my friend. Hii hata inspekta anasoma." Wakacheka kidogo.

Alhamisi alfajiri alipotoka, alisikia nyayo za mama yake nyuma. Milka alikuwa amevaa viatu vya kanisani, ana furushi kwapani. Hakuomba ruhusa, wala Rispa hakumkataza. Walikuwa wamefika Homa Bay, wanateremka kuelekea ziwani ambako harufu ya samaki ilizidi, ndipo Rispa alipouliza furushi lina nini.

"Sweta yako," Milka alisema. "Na shuka. Wanasema kule ndani kuna baridi."

Rispa alisimama pale barabarani. Alikuwa amejitahidi asubuhi yote asifikirie kule ndani, na kumbe mama yake alikuwa amemfungia na nguo za huko. Alitaka kukasirika. Badala yake alimshika mkono, wakaendelea kutembea.

Langoni mlinzi aliyeitwa Gisiri aliwauliza wanakokwenda, na aliposikia mahojiano alichelewa kujibu. Rispa alijua alikuwa akiitazama fimbo. Walipelekwa kwenye chumba cha kungojea, na karani mmoja, msichana aliyejitaja kwa jina la Valentine, akaandika jina lake. Valentine alitoka Kisii, alikuwa na miezi mitatu tu Homa Bay, na alicheka kwamba Kijaluo alichokijua ni cha salamu na cha kununua samaki. Rispa aliomba fomu mpya. Kicheko cha Valentine kikaisha. Alisema fomu ikishaingia kwenye faili haibadilishwi, ni sheria ya ofisi, angoje aitwe.

Alingoja kwa muda wa saa moja na nusu. Viatu vya Gisiri vilikwenda na kurudi nje ya dirisha, vizito, vya ngozi, na Rispa alianza kuhesabu hatua zake bila kutaka. Kwa mama yake alisikia tu bangili ikigonga kiti, taratibu, kama mtu anayetetemeka lakini hataki ijulikane.

Alipoitwa, aliingia peke yake. Meneja aliitwa Bwana Momanyi. Hakuwa mkali, na hilo lilimtisha zaidi, kwa sababu sauti yake ilikuwa ya polepole, ya mtu aliyezoea kusubiri watu wajifunge wenyewe. Alimkaribisha kiti. Karatasi zilifunuliwa. Zikaacha kugeuzwa, na Rispa alijua kwa hakika kidole cha meneja kimesimama kwenye mstari gani.

"Hii fomu inasema huna ulemavu," Bwana Momanyi alisema.

Alikuwa ameyapanga maneno yake tangu Uriri, mazuri, ya Kiingereza, yenye mwanzo na mwisho. Yote yalimpotea. Alisikia mwenyewe sauti yake ikitoka, nyembamba, ya Kiswahili.

"Hiyo fomu ina uongo mara mbili, bwana. Mimi sioni. Na si mimi niliyeandika. Lakini sahihi ni yangu."

Meneja aliuliza nani aliandika. Rispa alisema hatamtaja mtu, kwa kuwa mwenye sahihi ni yeye. Meneja aliuliza kama anajua tamko la chini linasema nini. Alisema analijua kwa moyo, na akalisema lote mpaka kwenye neno mahakamani.

Kiti cha Bwana Momanyi kilirudi nyuma. Hatua zake zikaenda mlangoni, mlango ukafunguliwa. "Askari," aliita.

Vile viatu vizito vikaja. Rispa alishika fimbo kwa mikono miwili. Alifikiria kijana wa Ndhiwa, na foleni iliyokuwa ikimtazama, na mama yake pale nje na furushi lake. Alisimama ili wasimwinue.

"Gisiri, lete ile meza ndogo ya stoo," meneja alisema. "Na umwambie Valentine alete fomu nyingine. Huyu mama anataka kuandika, na meza yangu imejaa."

Ilimchukua Rispa muda kuelewa. Alikaa tena. Meneja alimwambia, bila kupandisha sauti, kwamba asifikiri ameponyoka. Angejaza fomu mpya hapo mbele yake, na kama hawezi, ile ya zamani ndiyo ingebaki kwenye faili jinsi ilivyo, naye angelazimika kuipeleka kwa wakubwa wake.

Rispa alilaza fomu, akailinganisha na ukingo wa meza, akaweka kadi juu yake, kona ya mshazari kulia. Kadi iliteleza mara mbili. Aliomba kitu cha kuikandamiza, na Valentine akaweka kitoboa karatasi upande mmoja na kikombe cha chai upande mwingine. Kisha akaanza. Dirisha la kwanza, jina. La pili, kuzaliwa. Kidole cha kushoto kilisoma nukta, mkono wa kulia ukaandika. Kwenye la kumi na moja alipumua, akaandika SIONI MACHO YOTE MAWILI. SURUA, 1982. Neno la mwisho lilibanwa, kwa kuwa aliyechora mstari ule alitarajia watu waandike hakuna.

Bwana Momanyi aliichukua, akaisoma yote. Hakuisifu. Alimpeleka kwenye chumba cha simu.

Hapo ndipo palipokuwa na hofu nyingine ambayo Rispa hakumwambia hata Liz. Mitambo mingine ya simu huita kwa taa, na taa kwake ni sawa na ukuta. Alinyosha mkono juu ya ubao akitafuta vioo vidogo vya taa. Akakuta vifuniko vya chuma, safu mbili, vile vya zamani vinavyoanguka simu ikiita. Karibu alie. Meneja alikwenda ofisini kwake akapiga, kifuniko cha tatu kikaanguka na kugonga, kidole cha Rispa kikawa kiko hapo kabla mlio haujaisha. Akaunganisha. Meneja akapiga kutoka ghalani, halafu wakapiga wawili kwa pamoja, na hakukosea.

Waliporudi Bwana Momanyi alisema kazi ni yake kwa miezi mitatu ya majaribio, kuanzia Jumatatu. Rispa alifungua kinywa kushukuru, lakini meneja alikuwa hajamaliza. Sheria ya fomu ilisema mwombaji asiyeweza kujisomea alichokiandika awe na shahidi wa kwake, si mfanyakazi wa ofisi, asomewe majibu yote kisha atie sahihi au dole gumba. Bila hiyo faili haliendi popote, na wapo wengine saba wanaoingoja kazi hiyo. Aliuliza kama amekuja na mtu.

Furaha ikamwisha Rispa. Alikuwa amekuja na mtu mmoja tu.

Simu ilimwita meneja, akaondoka. Valentine alimwingiza Milka, akamweka kiti, kisha kwa uchangamfu wake akamwambia Rispa kwamba akimaliza ataiomba ile kadi aichore nyuma ya faili kuukuu, ili nyingine kama hiyo ikae pale kaunta. Rispa aliitikia bila kusikia. Alikuwa akisikiliza pumzi za mama yake.

Valentine alisoma mstari mmoja mmoja, Rispa akatafsiri kwa Kijaluo. Jina, Milka akaitikia. Kuzaliwa, akaitikia. Walipofika mstari wa kumi na moja Rispa aliutafsiri wote bila kuupunguza: kwamba haoni macho yote mawili, kwamba ni surua, na mwaka. Milka hakuitikia. Valentine alingoja kidogo, akadhani ni uzee, akaendelea mpaka mwisho. Kisha akafungua kikopo cha wino, harufu yake ikajaa mezani, akampaka mama wino kwenye dole gumba, akasema aweke kidole.

Bangili iligonga meza mara moja.

Rispa alingoja ya pili, kama ile ya kwa Mzee Kerosi, na alijua ikigonga hatakuwa na la kufanya. Hakuna anayeweza kumlazimisha mama yake kutia dole. Angerudi Uriri kwenye gunia la omena, na karatasi yenye hakuna ingebaki kwenye faili na jina lake chini.

Bangili haikugonga. Badala yake Milka alisema kwa Kijaluo, kwa sauti ambayo Rispa hakuwahi kuisikia, "Yule bwana afya alikuwa na dawa ya macho kwenye mkoba. Waliniambia baadaye, ulipokuwa umeshakwenda shule. Mwulize huyu binti kama kuna mahali pa kuandika kwamba nilikuficha."

Kwa hiyo alijua. Miaka yote hiyo kila mmoja alikuwa amelificha jambo hilohilo, asimwumize mwenzake. Rispa alitaka kumkumbatia na alitaka kumlilia, na wino ulikuwa unakauka.

"Anasemaje?" Valentine aliuliza.

Siku nzima Rispa alikuwa ameogopa kufungwa kwa uongo ulioandikwa na wengine, na sasa alisema wa kwake mwenyewe, waziwazi, mbele ya karani.

"Anauliza aweke wapi kidole," alijibu.

Aliirudisha kadi juu ya fomu, akapapasa nukta mpaka dirisha la mwisho kabisa, lile ambalo Liz aliuliza kama alikate. Akauchukua mkono wa mama yake. Dole gumba lilikuwa tayari na wino. "Hapa, Mama," alisema, akaliongoza mpaka ndani ya dirisha, akalishikilia pale. Milka akakandamiza. Bangili ikagonga meza mara ya pili, kwa sababu mkono ulikuwa umeshuka.